Askari wa Kumi na Mbili

Mwaka 1931 nilikuwa karani mjini Port Carteret, nikiishi kwa shangazi yangu, Philomena Quow. Mumewe, Hezekiah Quow, alikuwa mtumishi wa mezani katika nyumba ya Gavana.

Gavana wetu alikuwa Jenerali Sir Lionel Thring. Alipigana vita vitatu, kisha akapewa kisiwa chetu apumzikie. Mkewe alifia melini wakija. Waungwana wa mji walifika langoni, wakaandika majina katika kitabu cha wageni, wakarudi makwao. Meza yake ilikuwa na viti ishirini na vinne. Alikalia kimoja.

Kila tarehe tisa Oktoba, saa tisa alasiri, alitoka barazani na karatasi, akaita majina ya vijana arobaini wa kisiwa chetu aliowapoteza vitani, jangwani Palestina, kwa siku moja. Aliita, akasubiri, akaita linalofuata. Hezekiah, askari mwenzao aliyenusurika kwa kuwa siku ile alilazwa na malaria, alisimama nyuma yake na sinia la chai.

"Najua mzee anakutia huruma," shangazi alimwambia Hezekiah asubuhi ya tarehe hiyo, mwaka ule. "Lakini usimwitikie maiti jina."

"Na chai nisimpe? Au nayo ni ya maiti?"

"Cheka tu, mwanamume. Mimi nimeolewa na mume mmoja tu."

Yaliyofuata, mimi na shangazi tuliyapata siku hiyo hiyo kwa mpishi wa Gavana, Eudora Cyrus, aliyekuwa dirishani.

Jenerali aliita majina kumi na moja. La kumi na mbili alilirudia mara mbili.

"Askari Ignatius Baptiste."

Baptiste alikuwa rafiki wa Hezekiah. Kambini, kila alipochelewa kwa ulevi, Hezekiah ndiye aliyemwitikia ili asiadhibiwe. Mazoea yakamponyoka.

"Nipo, afande!"

Jenerali hakugeuka. "Umechelewa tena, Baptiste."

Akatia alama. Akaita, "Askari Cuthbert Lashley."

"Nipo, afande."

Sauti ilitoka kwenye ngazi. Ngazi ilikuwa tupu.

Waliitikia wote waliobaki. Wa mwisho aliitikia chini ya dirisha, karibu mno na Eudora. Jenerali akaagiza vikombe arobaini vya chai. Eudora alivipanga barazani, akakimbia. Aliporudi, vilikuwa vimenywewa.

Jioni Hezekiah aliingia nyumbani, akasimama mlangoni kama mgeni. Nilikuwepo.

"Hezekiah," shangazi aliita.

Hakugeuka.

"Hezekiah!"

Shangazi aliweka mwiko chini. Akanong'ona, "Ignatius?"

"Naam, bibie. Samahani kwa kuingia hivi." Alitazama huku na huku. "Hezekiah bado hajarudi?"

Jenerali alikufa kabla ya Krismasi. Walimkuta mezani ameketi wima, na viti vyote ishirini na vinne vimevutwa nje.

Yule mtu aliyeingia jioni ile aliishi nasi miaka kumi na tisa, katika chumba cha nyuma, kwa adabu ya mpangaji. Kila usiku shangazi alifunika sahani moja ya chakula. Kila asubuhi aliifunua, akaimwaga.

Alipokufa, mwaka 1950, padri aliuliza jina la marehemu.

"Sijui," shangazi alisema. "Wangu bado hajarudi."

Mimi ndiye niliyemwosha. Hezekiah Quow hakupigwa risasi maishani mwake. Chini ya ubavu wa kushoto palikuwa na tundu, bichi. Nililipangusa. Kitambaa kikatoka na mchanga wa njano, mkavu, bado una joto.

Kisiwa chetu chote mchanga ni mweusi.