Mkono wa Nta wa Wening

Kila siku alasiri, masomo yakishakwisha, Palupi alikuwa wa kwanza kufika kwenye ukumbi wa kijiji. Alifagia sakafu, akafunga wavu, akapanga raketi kando ya ukuta. Wening alifika baadaye akitweta, kwa kuwa ilimbidi kumpikia babu yake kwanza. Hata hivyo, akitokeza tu mlangoni, wenzake walipiga kelele, "Bingwa kaingia!"

Wasichana hao wawili wa miaka kumi na miwili walikuwa jozi moja ya mpira wa vinyoya. Palupi alicheza nyuma, akikimbia huku na huko kuokoa kila kinyoya. Wening alicheza mbele, karibu na wavu, akimalizia. Na makofi siku zote hupigiwa anayemalizia.

Timu yao iliposhinda mashindano ya wilaya ya Tulungagung, kocha wao, Mwalimu Retnani, aliwapa zawadi ya matembezi. Jumapili asubuhi walipanda basi dogo la Bwana Paimin hadi mji wa Batu, kwenye makumbusho ya sanamu za nta za watu mashuhuri.

Mle ndani vicheko havikukoma. Walijipanga kando ya waimbaji na waigizaji, wakapigana picha. "Huyu ananikodolea macho!" alisema mmoja wao. "Muulize kama kala," akajibu mwingine. Mwishowe wakafika kwenye sanamu ya Larasati Wuri, bingwa wa vinyoya, aliyeruka juu na raketi mkononi. Palupi alikuwa na picha yake chumbani. Alisogea, moyo ukimdunda.

"Hebu msimame!" mfanyakazi wa makumbusho alisema ghafla, akimwonyesha Wening kidole. "Huyu mtoto si kafanana na Larasati? Pua ile ile! Njoo, mwanangu, simama hapa katikati. Wewe mwenzangu, sogea kidogo, unamziba."

Aliyeambiwa asogee alikuwa Palupi. Alisogea. Uso ulimwaka moto, lakini akatabasamu kama wengine.

Karibu na mlango wa kutokea palikuwa na mama aliyetengeneza mikono ya nta. Mtu alichovya mkono katika maji baridi, kisha katika nta ya uvuguvugu, mara nyingi, mpaka nta ikashika. Ilipovuliwa polepole kama glavu, ulibaki mkono mtupu wenye kila mkunjo wa kidole.

"Kila kundi la shule hupewa mmoja bure," alisema yule mama. "Nani atachovya?"

Palupi alikuwa ameshakunja mkono wa shati.

"Wening," alisema Mwalimu Retnani bila kusitasita.

Palupi alikunjua shati lake taratibu. Wening, Wening, Wening! Nani alifagia ukumbi? Nani alichubuka magoti kwenye fainali? Alimtazama rafiki yake akicheka huku nta nyeupe ikimdondoka vidoleni, akatamani nta ile ipasuke.

Haikupasuka. Ilitiwa ndani ya boksi lenye kifuniko cha plastiki, na yule mama akaonya, "Usiuweke juani. Utalainika."

Walipotoka kwenda kula, Wening alimpa Palupi boksi lile. "Shoga, unarudisha chupa za maji kwenye basi? Niwekee na huu, tafadhali. Uweke chini ya kiti changu."

Basi lilikuwa wazi, na Bwana Paimin alikuwa ameenda msalani. Palupi aliinama kulisukuma boksi chini ya kiti. Kisha akasimama. Kule mbele, jua la saa sita liliangaza dashibodi yote. Akaliweka boksi pale, nyuma ya kioo. *Nimefanya nini kwani?* alijiambia. *Nimeliweka tu.*

Mgahawani waliletewa bakuli za supu ya vinyama vya mviringo. Wening alimgeukia kocha. "Mwalimu, kutuma mzigo Hong Kong huchukua siku ngapi? Mama alisema kwenye simu kwamba amesahau mkono wangu una ukubwa gani. Nataka aushike."

Mama yake Wening alikuwa akifanya kazi za nyumbani Hong Kong, na huu ulikuwa mwaka wa tatu hajarudi. Kila mtu kijijini alijua hilo. Palupi pia alijua.

Palupi aliweka kijiko chini. Bado ulikuwepo muda wa kukimbilia basi. Alisukuma kiti nyuma.

"Wening, lete picha yako na Larasati tuione!" mmoja akaita. "Pacha wa bingwa!"

Wote wakacheka, wakamzunguka Wening. Palupi akakivuta kiti chake, akakaa, akala hadi bakuli likaisha.

Waliporudi garini, vidole vya nta vilikuwa vimelala na kushikana kama ndizi zilizoiva mno. Kiganja kilikuwa kimebonyea. Wening alilitazama boksi, akasema tu, "Basi tena."

Mwalimu Retnani alimgeukia dereva kwa ukali. "Bwana Paimin! Kitu cha mtoto unakiachaje juani?"

Mzee yule alivua kofia. "Nisamehe, Mwalimu. Labda nilikisogeza nilipokuwa nafuta kioo. Uzee huu... sikumbuki." Akamgeukia Wening. "Nisamehe, mjukuu wangu."

Safari ikaanza. Palupi aliiona shingo ya Bwana Paimin imeinama juu ya usukani, na kila mara mzee alitikisa kichwa, kana kwamba anajitafutia kosa alilosahau. Palupi akashindwa kuvumilia.

"Si yeye!" alisema akisimama. "Ni mimi. Niliuweka pale makusudi."

Bwana Paimin alimtazama kwenye kioo, akashusha pumzi ndefu. Wening alichukua mkoba wake akahamia kiti cha nyuma kabisa.

Wiki nzima Wening hakusema naye. Kwenye mazoezi waligongana, wakaachiana vinyoya vikaanguka katikati yao. Siku ya Jumamosi Palupi alikwenda kwa bibi yake, aliyechora vitambaa vya batiki kwa nta, akamweleza yote bila kuficha. Kisha akaenda kugonga mlango wa Wening.

"Bibi anayo nta. Utabonyeza mkono kwenye udongo mbichi, uutoe, halafu yeye atamimina nta humo. Tafadhali njoo."

"Nitakuja," alisema Wening. "Lakini si kwa ajili yako."

Mkono ule ulitoka wa rangi ya kahawia, mzito, ukinuka moshi. Lakini mistari ya kiganja ilionekana yote, hata kovu la kidole gumba. Wening aliupapasa muda mrefu. "Huu hauvunjiki ovyo," alisema mwishowe. Palupi mwenyewe ndiye aliyeufunga kwa matambara na kuupeleka posta.

Jumatatu, Mwalimu Retnani aliwaita wote wawili.

"Nilimchagua Wening kwa sababu ya mama yake," alisema. "Sikuwaeleza, na hilo ni kosa langu. Lakini wewe, Palupi, ungeniuliza, ningekujibu kwa dakika moja. Badala yake ulimwadhibu mwenzako asiye na kosa, na mzee wa watu akakemewa mbele ya watoto. Wivu humjia kila mtu, hata mimi. Ukikujia tena, useme. Mwambie mtu unayemwamini kwamba umeumia. Ukiunyamazia, utakutuma kufanya jambo ambalo hutaweza kulirudisha. Safari hii umekiri, na umetengeneza ulichoharibu. Ndiyo maana bado nina jozi."

"Ndiyo, Mwalimu," Palupi alijibu, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, na mimi nina neno," alisema Wening. "Huyu akiacha kuokoa kule nyuma, mimi simalizii kitu."

Akaokota kinyoya sakafuni, akamrushia Palupi.

"Futa machozi, shoga. Piga."