Chembe kwenye Paji la Nyati

Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaamua kuondoka. Mwindaji alilala chali nyasini, mbavu zimepondwa na nyati, bunduki yake ya mitutu miwili imemlalia kifuani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Inspekta aliifungua taratibu. Maganda mawili, yote yamefyatuliwa.

Nyati mwenyewe, aliyeuawa baadaye na askari wa wanyamapori, alikuwa hatua ishirini tu. Inspekta alipapasa paji lake. Loo! Chembechembe za risasi za kuwindia ndege zimenasa kwenye ngozi. Mnyama wa namna ile hupigwa kwa donge moja zito la risasi. Chembe zile zilikuwa zimemkuna tu, zikampandisha hasira.

Nyumbani, mke wa marehemu alisimama jikoni na sufuria tupu mkononi, hajui aiweke wapi.

"Mkanda wa risasi alipanga nani, dada?"

"Mimi. Miaka tisa napanga mimi." Sauti ilitoka mbali, kama ya mtu anayeongea usingizini. "Nimechanganya maboksi, afande? Nimemuua mume wangu?"

Kwa ushahidi uliokuwepo, ilibidi Inspekta aondoke naye.

"Risasi za nyati na za ndege unazitofautishaje?"

"Za nyati zimezibwa kwa nta mdomoni, tangu mwaka jana. Za ndege hazina."

Inspekta akachomoa moja iliyobaki mkandani. Ilikuwa na nta. Akaipasua juu ya sahani, chembe ndogondogo zikamwagika, zikazunguka polepole. Kuchanganya maboksi hakuwezi kutia nta. Kuna mtu aliziziba makusudi.

"Nani huwatengenezea?"

Mama wa watu akashika ukuta. "Baba yangu."

Inspekta na mke wa marehemu walimkuta mzee karakanani, anayeyusha nta. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa dirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa."

"Ulijua nitakuja?"

"Wewe au mwenzako, yote sawa."

"Nilitaka kumtia pingu binti yako. Mkanda alipanga yeye."

Mzee akashtuka. Hilo hakulifikiria kabisa, maskini.

"Mwache! Ni mimi. Nilijaza chembe za ndege, nikaziba."

"Kwa nini?"

"Mwaka jana mumewe alitoka kuwinda na mwanangu wa kiume. Mwanangu akauawa na nyati, yeye akarudi mzima, bunduki haijalia hata mara moja. Mwoga mkubwa! Nikasema, naye aonje."

Binti alikaa sakafuni.

"Baba, siku ile mume wangu alivuta vifyatulio vyote viwili. Risasi zikagoma. Baruti ilikuwa imeingia unyevu. Ndiyo maana akakuomba uanze kuziziba kwa nta."

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Zilikuwa risasi zako, baba. Aliniapisha nisikwambie. Alisema, 'Mzee akijua, hatavuka mwaka. Bora anichukie mimi.'"

Nta ilichemka, ikaanza kuungua, na hakuna aliyeiepua.

Mzee alinyoosha mikono yote miwili kwa binti yake. Binti hakuishika. Inspekta akasogea, akaifunga pingu.