Karatasi ya Kuruta Anicet

Kesi ya karatasi ya saluni niliitatua mimi. Haya basi, nilikuwepo. Kusema kweli nilikuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, nakoroma.

Nilipoamka, Julienne mwenye saluni alikuwa ameshika bahasha tupu, analia. Ndani mlikuwa na karatasi ya jeshi ya babu yake Anicet, aliyechukuliwa na Wabelgiji kule Kongo wakati wa vita vya pili vya dunia. Ofisi ya kumbukumbu huko Ubelgiji ilikalia ombi la Julienne mwaka mzima. Kuomba tena ni mwaka mwingine, na mama yake, Mama Henriette, hana mwaka wa kusubiri. Mapafu yamechoka. Tangu utoto aliambiwa baba yake alikimbia, akawatupa. Anataka tu kujua kama ni kweli.

Polisi walimleta Doris Ninahazwe. Vyeo vya huku vina majina mengine, lakini sisi tunamwita Inspekta, linamkaa. Mrundi aliyekulia hapa Durban, kimo cha mtoto wa shule, na macho yale, hata kama uliazima pini yake utairudisha.

Alikagua droo ilimokuwa bahasha. Simu mpya ilikuwepo. Kufuli halikuvunjwa. Alama za vidole zilikuwa za mtaa wetu mzima wa Overport.

"Mwizi anaacha simu, anabeba karatasi ya Kifaransa," alisema. "Huyo ni msomaji. Nani alikuwa humu?"

"Mama huyu," Julienne alininyooshea kitana, "na Papa Ezéchiel. Nilitoka kununua maziwa tu."

Alianza na mimi.

"Uliona nini, Mama?"

"Niliota niko harusini."

"Ulisikia nini?"

"Ngoma."

Aliandika yote, kwa heshima. Ndiyo maana nampenda.

Papa Ezéchiel aliitwa kesho yake palepale saluni. Mwalimu mstaafu, ndevu zimepakwa rangi nyeusi ti kwa ajili ya Jumapili. Kanisa lingemsimamisha mbele kama mjukuu wa Dominiki, shujaa wa vita, mtu wa kijiji kilekile cha Anicet. Mama Henriette naye aliletwa, kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Karatasi uliiona?" Inspekta aliuliza.

"Hapana. Iko kijana moja aliingia, kofia nyekundu."

"Akaichukua?"

"Sikuangalia. Nilikuwa na rangi kwenye ndevu."

"Rangi ya ndevu inaziba macho?"

"Eish, Mama Inspekta. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Sharp, sawa. Basi nimepiga simu Ubelgiji, wamenisomea nakala yao. Babu yako Dominiki yumo. Daktari wa jeshi alimkataa kwa sababu alijikojolea alipoona sindano."

Papa Ezéchiel alisimama wima. "Nani alijikojolea? Imeandikwa nyayo bapa. Nyayo bapa tu."

Inspekta alifunga daftari.

"Imeandikwa wapi, Papa?"

Alikaa chini polepole. Inspekta hakuwa amepiga simu yoyote. Alinieleza baadaye: kama karatasi ile ingemsifu Dominiki, Papa Ezéchiel angeisoma barabarani kwa kipaza sauti. Aliyeificha ni yule ambaye imemvua nguo.

Karatasi ilitoka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Chifu alidaiwa mtu wa jeshi," alisema. "Dominiki akarudishwa, wakamkamata Anicet kwa nafasi yake. Miaka yote nimehadithia shujaa. Jumapili ningesema nini?"

"Utasema hayohayo uliyotuambia hapa," alisema Mama Henriette. "Sasa nisomee. Wewe ndiye mwalimu."

Alisoma. "Kuruta Anicet. Kifua kizuri. Aliandikishwa badala ya Dominiki. Alitumika kwa utii. Alifia Abisinia."

Inspekta alikuwa amesimama nyuma ya bega lake. "Papa, umeruka mistari."

"Haina faida kwa mama. Nilitaka kumstiri marehemu."

"Soma."

Alirudisha kidole kwenye mistari ile. "Alitoroka kambini mara mbili. Mara zote alikamatwa kwenye njia ya kurudi kijijini kwake. Anasema ana mtoto mchanga."

Mama Henriette alivuta pumzi, ikachelewa kufika.

"Basi alikimbia kweli," alisema. "Alikuwa anakuja kwangu."

Julienne alimfunika mabega kwa taulo la saluni, kama vile kulikuwa na baridi.

"Na lile neno la utii," Inspekta aliuliza kwa upole, "umelisoma wapi?"

Papa Ezéchiel aligeuza karatasi kutafuta. Nyuma palikuwa patupu.