Uji wa Jiwe la Pangoni

Mshale wa mizani ulikataa kurudi kwenye sifuri.

Kapu lilikuwa tupu. Nakhungu, mtoto wa kike wa miaka mitatu, alikuwa ameshatolewa na kukabidhiwa mama yake, na bado kapu lilining'inia limelemewa, kamba imekaza, kana kwamba kuna kitu kimebaki kimekaa ndani. Daud karani akaligonga kwa kidole. Likayumba kidogo, likatulia. Mshale haukusonga.

"Kutu hiyo," Daud akasema. "Mvua za huku zinakula kila kitu."

Haya, tuseme ni kutu.

Hapo palikuwa Endebess, chini ya Mlima Elgon, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, ndani ya nyumba ya mabati ambayo watu waliiita Nyumba ya Mizani. Daktari mmoja wa Kizungu alikuwa ameletwa kuchunguza kwa nini watoto wa vibarua wa mashamba ya mahindi walikuwa na matumbo makubwa na miguu ya vijiti, ilhali wazazi wao ndio waliolima chakula cha kulisha nchi. Mtu yeyote wa pale angemjibu bila mizani: mahindi yalipakiwa kwenye malori, watoto wakabakia kukomba sufuria. Lakini nani aliwauliza? Jina la daktari lilikuwa gumu kutamka, kwa hiyo watu wakambatiza Bwana Mizani.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kujaribujaribu tu. Aliwahi kupanda mlimani akaona wafugaji wakiingiza ng'ombe mapangoni walambe kuta zenye chumvi, na ng'ombe wale wakitoka ngozi zinameremeta. Akawaza, kama jiwe hili linakaza mifupa ya ng'ombe, kwa nini lisikaze mifupa ya mtoto? Akaagiza lichimbwe, lisagwe, likorogwe kwenye uji. Aliyelichimba, Kipketer, alishusha magunia yake mlangoni akavua kofia.

"Ng'ombe hulamba halafu hutoka, Daktari. Hakuna mtu hubeba nyumba."

"Nyumba ya nani?" akauliza Bwana Mizani.

Kipketer akavaa kofia yake akaenda zake, na Endebess hawakumwona tena.

Mpishi wa uji huo alikuwa Bilha, mama wa Nakhungu, mzaliwa wa Matulo. Mumewe, Mukhisa, alikamua ng'ombe kwenye shamba la mlowezi jirani. Bilha alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyu, wote wakiwa hawajajua kutembea, na Nakhungu ndiye pekee aliyevuka. Basi msimlaumu. Watoto wengine walipokwisha kunywa, Bilha alikwangua chini ya sufuria, pale palipo pazito, akamlisha wa kwake. Unga wa jiwe nao huzama chini. Hakujua, maskini. Alidhani anaiba shibe kwa ajili ya mwanawe.

Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye sauti. "Njooni mkure, uji unapoa!" alikuwa akiita, na Daud, kijana wa mjini Kitale aliyezaliwa karibu na msikiti na kukua na Kiswahili cha watu wa mji, hakuacha kumtania. Hata siku ile ya mshale.

"Karani, hebu rudisha hiyo kapu mahari yake," Bilha alimwambia.

"Mahari? Mama Nakhungu, mtoto hata meno hayajajaa, wewe ushaanza kuitisha ng'ombe?"

"Wee, achana na ulimi yangu! Mahari, mahari, si ni kitu moja?"

"Si kitu kimoja. Mahari ni ng'ombe wa kuolea. Mahali ni hapo uliposimama."

"Basi mimi nimesimama kwa mahari, na hunitoi!"

Akina mama waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko, na Bilha mwenyewe akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso.

Watoto wengine walianza kunawiri. Mashavu yakajaa, wakaanza kukimbizana uani. Nakhungu alikula kuliko wote, akapungua. Kila alipopimwa alikuwa amepungua, na kila alipotolewa kapuni mshale ulibaki juu zaidi kuliko mara iliyopita, mpaka Daud, ambaye ndiye aliyesoma namba, akaacha kusema habari za kutu. Kile alichopoteza mtoto ndicho kilichoongezeka kwenye kapu tupu. Walibadilisha kamba. Wakaleta mizani nyingine kutoka Kitale, mpya, bado ina mafuta ya dukani. Ikawa vile vile.

"Karani," Bilha alinong'ona, amemkumbatia mtoto ambaye sasa alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka. "Hapo kwa kapu kuna nini?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui. Lakini usilisogelee."

Halafu ikaja harufu. Harufu ya jiwe lililoloa na mavi ya popo, ndani ya nyumba ya udongo inayofagiliwa kila asubuhi. Bilha alimwaga maji, akafukiza majani, akatoa kila kitu nje, na harufu ikabaki. Nayo ikaleta sauti yake: krrss, krrss, taratibu, bila haraka, kama ulimi wa ng'ombe kwenye jiwe. Alidhani ni ndama wa jirani. Akatoka nje mchana kweupe, jua la utosi, akazunguka nyumba nzima asione ndama, na aliporudi ndani alimkuta Nakhungu amesimama uso ukutani, mikono imeshika udongo, analamba, analamba huku damu ikimtiririka kidevuni, na macho yake yamefumba kwa raha, kama mtoto anayenyonya.

Bilha alipiga ukemi. Mukhisa alikuja mbio, bado ana povu la maziwa mikononi.

"Ni huo uji!" akanong'ona kwa ukali, kama mtu anayeogopa kusikiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Hatarudi huko tena. Umenisikia, mama Nakhungu? Hatarudi!"

Hakurudi. Haikusaidia kitu. Bwana Mizani alikuja mwenyewe, akamchoma sindano, akampeleka hospitali Kitale kwa gari lake, akakesha huko, maana naye roho ilikuwa inamuuma. Wakapima damu, wakapima mkojo, wakasema hakuna ugonjwa. Watu wa kanisa wakaja kuomba, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Na alasiri moja ya mvua, wakati mabati ya paa lao yanapigwa na mawe ya barafu na Bilha amempakata mwanawe akimbembeleza kwa Lubukusu, lugha pekee aliyoijua yule mtoto, Nakhungu alifungua macho, akamtazama mama yake kwa upole, na badala ya kumwita Mayi kama siku zote, akasema kwa Kiswahili safi, kizito, kila herufi imekaa sawasawa: "Mama, mmekula nyumba yangu. Nami nikae wapi?"

Bilha hakupiga kelele. Alikaa pale pale na lile jambo mapajani mwake mpaka mvua ikakatika, akiogopa kumshika na akiogopa zaidi kumwachilia.

Daud ndiye aliyempeleka kwa mjomba wake. Mjomba huyo, Hashim, alikuwa fundi cherehani mjini Bungoma, nyuma ya msikiti, na watu walijua kwamba akikunja nguo jioni huwa ana kazi nyingine, ya kusomea waliokaliwa na majini. Bilha, mtu wa kanisa, alijifunika leso usoni tangu waliposhuka kwenye lori. Aibu ilimchoma, lakini angekwenda hata kuzimu siku ile, mradi arudi na mtoto.

Hashim alimtazama Nakhungu mara moja tu, akamwambia mkewe, Fadumo, afunge mlango.

"Hajafa," akasema polepole. "Lakini amekaliwa. Aliyemkalia ni jini wa mawe. Hawa si wabaya sana, mama, ila hawajui mzaha. Neno wanalolisikia ndilo wanalolishika. Nitamwita, na atakuuliza wewe, si mimi, kwa kuwa mkono wako ndio uliolisha. Atakuuliza unataka nini. Usitaje mtoto. Ukimtaja atajua ndiye roho yako, atamng'ang'ania. Mwili wa mwanao ni mahali pako, yeye amevamia. Wewe sema: nataka mahali pangu. Maneno hayo tu. Umenielewa?"

"Nimeerewa, mzee."

Fadumo akatia ubani kwenye makaa. Hashim akasoma, kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha haraka haraka, na Bilha akiwa amepiga magoti anarudia moyoni maneno yale, nataka, nataka, akisikia ile krrss, krrss ikianza kwenye ukuta wa kushoto, ikahamia wa kulia, ikapanda juu ya dari, harufu ya pango ikala ubani wote ukawa si kitu, makaa yakafifia ingawa hakuna aliyeyamwagia maji, na mwili mdogo wa Nakhungu ukainuka ukakaa wima bila kujishika popote, shingo imenyooka, macho yanamtazama yeye, yeye peke yake, kwa subira ya mtu aliyekaa miaka mingi gizani na asiyeona haja ya kukimbia.

"Wataka nini, mama?"

Ilikuwa sauti ile ile, safi na ya upole. Bilha akafungua mdomo. Akaona miguu ya mwanawe, vijiti viwili, na kila kitu alichofundishwa kikamtoka isipokuwa ulimi wake wa Matulo.

"Nataka mahari yangu!" akalia. "Nipe mahari yangu!"

Kulamba kukakoma.

"Mahari?" Mtoto akacheka, kicheko cha mtu mzima aliyefurahishwa. "Kumbe wewe ni mwenye heshima. Wengine hunifukuza tu. Wewe umeniita mkwe."

"Hapana!" Hashim akaruka. "Mahali! Amesema mahali! Ulimi umemteleza, sikia..."

"Utaletewa, mama. Nimekubali."

Mtoto akashusha pumzi ndefu, akaanguka. Harufu ikaondoka kana kwamba mtu amefungua dirisha. Na Nakhungu, macho mazito kama aliyetoka usingizini, akatafuta leso ya mama yake, akasema kwa Lubukusu: "Mayi, njaa inaniuma."

Ee, msifikiri Bilha alisikia jingine lolote baada ya hapo. Alimkumbatia, akalia, akacheka, akamlamba machozi usoni. Fadumo alileta wali na mchuzi, mtoto akala, akashika sahani kwa mikono miwili.

"Mzee, si nimesema vile uriniambia?" Bilha aliuliza, uso umeloa.

Hashim alimtazama yule mtoto akitafuna. Alikuwa na binti zake mwenyewe, naye hakuthubutu kumwambia alichokiomba.

"Nendeni nyumbani," akasema. "Lakini nisikilize. Kikija kitu kwenu msichokijua kilikotoka, msikipokee. Chochote. Mwambie na baba yake. Msikiguse, msikionje."

Bilha aliitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Walifika Endebess jua limezama, lori limewachosha mifupa. Mukhisa alipomwona mtoto akitembea kwa miguu yake alikaa chini akalia kama mwanamke, na katika kule kulia na kushukuru, Bilha akalala na mtoto kifuani kabla hajasema neno la Hashim.

Aliamshwa na ukuta.

Krrss. Krrss.

Kulikuwa kumepambazuka. Nakhungu hakuwepo kitandani. Bilha alitoka mbio bila viatu, akakuta uani kumejaa ng'ombe, wakubwa, weupe kama chokaa, wamezunguka nyumba yake na kulamba udongo wa ukuta taratibu, na midomo yao ina chumvi. Hakuna aliyelia, wala mmoja. Katikati yao Mukhisa alikuwa amechuchumaa, kibuyu mapajani, uso unang'aa.

"Mama Nakhungu! Sijui ni wa nani hawa, bana. Nimeamka nikawapata. Huyu kiwele kilitaka kupasuka, si ningeacha mnyama ateseke? Nimempunguzia kidogo."

Mkamuaji ni mkamuaji. Kando yake Nakhungu alikuwa ameshika kikombe kitupu, maziwa yamemzunguka mdomo.

Hapo ndipo maneno yote yalipomrudia Bilha, moja baada ya jingine: utani wa Daud siku ile, kelele za Hashim, utaletewa. Mahari ni ng'ombe wa kuolea. Akapiga magoti kwenye matope, akamtikisa mwanawe, akajaribu kumtapisha kwa kidole, na mtoto akaushika mkono wake kwa upole, akauweka kando.

"Usilie, mama," akasema, kila herufi imekaa sawasawa. "Amesema hana haraka. Atangoja nikue."

Waliwaswaga ng'ombe wale mpaka mdomoni mwa pango, Mukhisa na Daud na fimbo zao. Kesho yake walikuwa uani tena, kama ng'ombe wanaojua kwao. Hashim aliitwa, akaja, akasoma, akarudi Bungoma ameinamisha kichwa. Maziwa yameshanyweka, alisema, mahari imeshapokewa. Bwana Mizani aliposimuliwa alikuna ndevu, akaamuru jiwe lisitiwe tena kwenye uji, akaendelea na kazi.

Na mizani sasa inafanya kazi vizuri. Mtoto akitoka kapuni, mshale unarudi kwenye sifuri. Nakhungu anaongezeka kila anapopimwa, ndiye mnene kuliko wote, Bwana Mizani humpigia makofi na akina mama kwenye foleni hushangilia. Bilha peke yake hugeuka ukutani akalia kila mshale unapopanda, yeye aliyeomba miaka yote Mungu ampe mtoto mmoja tu wa kukua. Wakati wa kugawa uji hufika, na watoto hujipanga, na zamu ya Nakhungu inapofika mwiko hujaa nusu, husimama juu ya bakuli, hurudi sufuriani bila kumwagwa.

Nakhungu hungoja, hana haraka. Kisha husogeza bakuli.

"Ongeza, mama."