Onyo Lililofika Nyumba Moja

"Vitalia, uko darasani?"

"Nimetoka. Sema."

"Ufa umefunguka. Tokeni huko leo, wewe na wazee."

Vitalia alijibanza ukutani, nje ya darasa la tatu, simu kaikandamiza sikioni. Mvua ilipiga bati kwa kishindo, na ndani watoto walikuwa wameacha kusoma kwa kuwa hakuna aliyemsikia mwenzake.

Aliyempigia ni Thabiti, mchumba wake, mtu wa Tanga, mtafiti wa maporomoko ya ardhi. Ofisi yake ilimleta Mbinga kupima milima ya Ukata. Juu ya kitongoji cha Nambembe aliukuta ufa mrefu umekatiza mashamba ya ngoro, yale ya vishimo vya kuzuia maji. Akapigilia vigingi vya chuma pande zote mbili, akafunga na kifaa cha kumtumia vipimo kwenye simu. Kila alipopanda kukagua alipumzika kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ildefonsi, na binti wa mzee, mwalimu Vitalia, ndiye aliyemletea maji ya kunywa. Kwanza maji, kisha maongezi, mwisho Thabiti akawa anapanda hata siku ambazo hakuna cha kupima. Mzee Ildefonsi, Mkatoliki wa siku zote, alihangaika sana na habari ya mkwe Mwislamu kutoka pwani, lakini barua ya posa akaipokea.

"Una uhakika?" Vitalia aliuliza.

"Sina. Vigingi vimeachana kuliko siku zote na mvua haijakatika. Unaweza kushuka leo, unaweza kukaa mwaka mzima."

"Basi ni kama Januari."

Januari Thabiti alitoa onyo, Mzee Ildefonsi akalitangaza, na kitongoji kizima kikaenda kulala kanisani. Mlima haukushuka. Watu waliporudi walikuta nguruwe pori wamefyeka mahindi na mbuzi kadhaa wameibiwa. Maneno yakaanza: mwenyekiti ameshirikiana na mkwe wake, wanataka watu wahame ili wachukue ardhi. Mzee alitukanwa hata kilabuni. Alimwita Vitalia na kumwambia kwamba siku yeye na Thabiti watakapomwaibisha tena, posa itarudi ilikotoka.

"Nimpigie baba yako sasa hivi, atangaze?"

"Usimpigie." Vitalia alisogea mbali na mlango wa darasa. "Akitangaza na mlima usishuke, mimi na wewe tumekwisha. Ngoja mpaka kesho. Wazee nitawatoa mwenyewe."

Thabiti alijua vizuri kazi yake ilimtaka afanye nini: saa ileile aitaarifu wilaya, amtaarifu na mwenyekiti. Vitalia naye alijua.

"Kesho asubuhi, basi," Thabiti alisema hatimaye. "Lakini leo msilale huko."

Muda mfupi baadaye ukaingia ujumbe: *Nakupenda. Fanyeni haraka.*

Vitalia aliaga shuleni, akaenda nyumbani na kuwaambia wazazi wake kwamba shangazi wa Mpepai amezidiwa, anataka kuwaona. Mzee Ildefonsi alimpenda sana dada yake huyo. Hakuuliza mara mbili. Wakashika njia ya kushuka barabarani, mama mbele na mwavuli.

Nyumba ya mwisho kabla ya mteremko ilikuwa ya Benno na Mariana. Benno alikuwa amekwenda Mbinga mjini kutafuta mbolea. Mariana, aliyesoma na Vitalia tangu darasa la kwanza, alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi, mwanawe Hyasinti kalala mgongoni.

"Mnakwenda wapi na mvua yote hii?"

"Mpepai. Shangazi anaumwa."

"Pole jamani. Ngoja kidogo."

Aliingia ndani, akatoka na ndizi mbivu, akazitia kwenye mfuko wa Vitalia. Akamwambia amsalimie mgonjwa, na akirudi apite, kuna jambo anataka kumsimulia. Wazazi walikuwa wametangulia. Vitalia alimtazama mtoto. Alifungua mdomo. Kisha akafikiri: akimwambia Mariana, Mariana atamwambia jirani, na jirani atamuuliza baba.

"Haya, nitapita," alisema, akaondoka.

Mpepai walimkuta shangazi jikoni anachambua maharage, mzima kabisa. Mzee Ildefonsi alimgeukia binti yake taratibu na kumuuliza ana mambo gani. Vitalia alisema labda alisikia vibaya kwenye simu. Mzee aliendelea kumtazama. Walikaribishwa ugali, na kabla hawajamaliza kula simu ya mzee ikaita. Alikuwa katekista wa Nambembe, na alikuwa akilia.

Mlima ulikuwa umeshuka. Upande wote wa juu, kahawa, ngoro, miti na mawe, ulikuja kama uji mzito na kuzifunika nyumba watu wakiwa wanaota moto.

Mariana alipatikana kesho yake, karibu na mto. Benno ndiye aliyemfikia, kwa jembe, kisha kwa mikono. Hyasinti alikuwa bado mgongoni, kitenge hakijafunguka. Thabiti alikuwa ubavuni mwa Benno. Alichimba tangu alfajiri, viganja vimechubuka, na walipowatoa wale wawili alikwenda kukaa pembeni, akafunika uso kwa koti lake lenye tope.

Kwenye mazishi watu walimpa Mzee Ildefonsi mkono na kumwambia kwamba Mungu ndiye aliyemwita Mpepai. Vitalia alisikia hayo mara nyingi sana. Mwisho alikwenda nyuma ya kanisa asiyasikie tena.

Thabiti alimfuata huko.

"Kesho kuna mkutano," alimwambia. "Nitasema vipimo nilikuwa navyo na sikuvitoa. Wewe sitakutaja."

"Kwa nini?"

"Wewe hapa ni kwenu. Mimi watanihamisha tu."

Vitalia alikubali. Ukweli ni kwamba alifarijika, na usiku ule alilala.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mkubwa mmoja wa wilaya alitoa pole, kisha watu wakamtaka mtafiti. Thabiti alisimama, akaeleza kwamba alizipata dalili siku ileile mchana, hakuwa na uhakika, akaamua kungoja asubuhi. Kosa ni lake peke yake. Kelele zikapanda. Mtu mmoja aliokota jiwe, wenzake wakamshika mkono.

Benno hakupiga kelele. Alikuwa amekaa chini, mbele kabisa, na Vitalia kutoka mahali aliposimama aliona kisogo chake tu. Vitalia alitembea katikati ya watu mpaka mbele.

"Hakungoja kwa akili yake," alisema. "Alitaka kumpigia baba, nikamkataza mimi. Niliogopa posa kurudishwa. Wazazi wangu nikawatoa kwa uongo. Shangazi hakuwa anaumwa."

Benno aliinua uso.

"Ulipita kwangu?"

"Nilipita."

"Mariana alikuuliza unakwenda wapi?"

"Aliniuliza. Nikamdanganya."

Benno alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia ya mahali pa mbali. Akainuka, akapenya kwenye watu, akaenda zake. Baadaye alihamia Matiri kwa kaka yake. Vitalia alimwandikia ujumbe mara kadhaa. Hakujibu hata mmoja.

Mzee Ildefonsi aliacha uenyekiti siku ileile. Hakumpiga binti yake wala kumfukuza. Alimwambia tu kwamba hawezi kukaa nyumba moja na mtu aliyemfanya aone aibu ya kuwa hai, na kwamba aende kwa huyo ambaye kwa ajili yake aliwaficha watu onyo.

Thabiti alipewa onyo kali kazini, akapelekwa ziwani, Mbamba Bay, kupima miteremko inayoning'inia juu ya vijiji vya pwani ya Nyasa. Walifunga ndoa bomani, bila ngoma wala mapambo. Mama alikuja. Mzee hakuja. Walipendana kama watu wanaobeba mzigo mmoja: kila mmoja akimwona mwenzake anakumbuka, na hakuna mwingine duniani wa kukumbuka naye. Kuna siku hawakuzungumza kabisa. Kuna siku Thabiti aliuliza kama anajuta kumpenda, na Vitalia alimjibu kwamba anajuta mengi, ila hilo bado.

Masika ya kwanza huko ziwani, vipimo vilipopanda, Thabiti alituma taarifa kila mahali ndani ya saa ileile. Vitalia hakungoja mtu atangaze. Alivaa mabuti, akapita mlango kwa mlango. Mlima haukushuka, wakachekwa. Ukaja tena wakati wa hofu, wakahamisha watu, haukushuka, wakatukanwa.

Mara ya tatu mvua ilikuwa kubwa zaidi. Kwenye nyumba iliyo chini ya genge, mama mmoja kijana alisimama mlangoni na kichanga, kachoka kuhamahama.

"Mwalimu, safari hii mna uhakika?"

"Hatuna," Vitalia alisema, akinyoosha mikono. "Nipe mtoto, twende."