Mheshimiwa wa Upawa

Saa nne na robo asubuhi, kioo cha dirisha la Gredi ya Sita kilivunjika. Wasike aliinama kando ya ukuta, mikono usoni, damu ikipita katikati ya vidole.

Aliyemsukuma alikuwa Kipruto. Jumatatu, wanafunzi wenzake walikuwa wamemchagua awe mbunge wao katika bunge la shule yao ya Bondeni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kugawa uji wakati wa mapumziko. Jumatano hiyo alishika upawa, akatoa amri: asiyemwita "Mheshimiwa" hapewi uji.

Foleni ilitii mpaka Wasike alipofika.

"Niaje, Kipruto. Jaza hapo."

"Kipruto ni nani? Sema Mheshimiwa."

"Mheshimiwa wa sufuria?" Foleni nzima ikacheka. "Boss, weka uji, kengele italia."

Kipruto alimpiga shavuni kwa upawa. Wasike akamrushia kikombe, kikampasua mdomo. Kipruto akatema damu, akamkamata kola, akampiga kichwa puani. Kisha akamzungusha na kumsukuma kwa nguvu zote. Wasike aligonga dirisha kwa uso.

Mwalimu Jepkemboi alimfunga jicho kwa leso, akampeleka hospitali. Madaktari walitoa kipande cha kioo jichoni. Hawakuweza kusema kama lingeona tena.

Alasiri mwalimu alirudi, akamwita Kipruto ofisini.

"Alinidharau mbele ya watu, Mwalimu," Kipruto alisema, mdomo umevimba. "Na wabunge huitwa waheshimiwa."

"Huitwa na watu. Hawawapigi watu ili waitwe. Unajua neno hilo limetoka wapi?"

Kipruto alitikisa kichwa.

"Limetokana na heshima. Heshima ilitoka Kiarabu, na huko asili yake ni haya, ile aibu inayomzuia mtu kutenda uovu. Wewe ulitaka jina, haya ukaiacha. Mwenye cheo asiyeweza kujizuia huwaumiza walewale waliompa cheo."

"Wasike hakunipa kitu."

"Alikupigia kura. Ameniambia tukiwa njiani kwenda hospitali."

Kipruto akavua beji ya ubunge, akaiweka mezani.

Wiki iliyofuata, daktari aliondoa bandeji. Alifunika jicho la Wasike lisiloumia kwa kiganja, akamwonyesha bango la herufi ukutani. Wasike alisoma mstari wa kwanza. Akakaza jicho, akasoma wa pili.