Siku Tisa za Homa

Kila aliporudi kutoka shule, Kifungo alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaketi kwenye kigoda chake kando ya cherehani ya mama mdogo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa kazi yake ilikuwa hiyo hiyo kila siku: kushona vifungo vya mashati ya shule. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko ulimi wake.

"Hiki umekipeleka wapi?" mama mdogo alimtania. "Mwenye shati atatembea shingo upande."

Zamani utani kama huo uliwafanya wacheke mpaka uzi ukatike. Siku hizi mama mdogo alitania huku macho yake yakiwa mbali.

Mambo yalianza mwaka mmoja nyuma, wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Mama mdogo alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Ikatoka. Zahanati walimpa dawa, wakamwambia arudi baada ya siku tatu waangalie kama tumbo limesafika. Hakurudi. Sare za watoto themanini zilikuwa zimerundikana mezani, na yeye alikuwa amewaahidi wazazi. Akajifunga kitambaa kigumu tumboni, akakikaza, akaendelea kukanyaga cherehani. Homa ikampanda. Alitetemeka hadi mishono ikaenda kombo.

"Usimwambie mtu," alimwonya Kifungo. "Mambo ya wanawake hayatangazwi."

Nesi alipopiga simu kuuliza mbona mgonjwa hajarudi, Kifungo ndiye aliyepokea. Mama mdogo alimkonyeza huku ameshikilia ukingo wa meza.

"Ametoka kununua uzi," Kifungo akasema. "Hajambo kabisa."

Siku ya tisa mama mdogo alianguka juu ya rundo la sketi. Alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Mabaki ya mimba yalikuwa yameoza tumboni, ikabidi madaktari wamkwangue mji wa mimba haraka haraka. Waliokoa maisha yake. Lakini tangu siku hiyo hakuona tena hedhi, wala hakushika mimba nyingine.

Wifi yake hakumwonea huruma. Alisimama mlangoni mbele ya wateja na kusema, "Wifi yangu, hiyo cherehani itakuita mama lini?" Mama mdogo alicheka pamoja na wengine, kisha akaingia nyuma ya pazia, akakaa huko mpaka macho yakakauka.

Ndipo waliposikia kwamba hospitali kubwa kuna daktari anayejaribu matibabu mapya. Baba mdogo alikuwa safarini na lori, kwa hiyo Kifungo aliombewa ruhusa shuleni, akamsindikiza.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alichora picha ya mji wa mimba kwenye karatasi, akaisogeza mbele yao.

"Wewe ni fundi, nitakueleza kifundi. Mji wa mimba una bitana ndani, kama kitambaa cha ndani ya koti. Kila mwezi bitana hiyo hubanduka, ikaota nyingine. Yako imekwanguka hadi kwenye mzizi. Makovu nayo yamezishika kuta mbili pamoja, kama mfuko wa suruali ulioshonwa mdomo kwa makosa."

"Unaweza kufumuliwa?" mama mdogo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tutayakata makovu kwa mkasi mdogo sana. Kisha katikati ya kuta tutaweka kitu laini kama jeli, kilichotengenezwa kwa vitu ambavyo mwili haukatai. Kitazuia kuta zisishikane tena, na kimebeba dawa ya kuamsha bitana iote."

"Kama ile karatasi tunayoweka chini ya kitambaa kinachoteleza!" Kifungo alidakia. "Ukimaliza kushona unaichana."

"Ehee! Ila hii haichanwi. Inayeyuka yenyewe." Daktari alitabasamu, kisha akawa makini. "Lakini bado tunaifanyia utafiti. Wapo iliowasaidia, na wapo ambao haikuwasaidia. Simwahidi mtu mtoto. Halafu jambo moja: mwenye maambukizi hatumwekei. Ile mimba ilipotoka, uliumwa homa siku ngapi kabla ya kuletwa hospitali?"

"Siku moja," mama mdogo akajibu upesi.

"Moja tu?"

"Moja, daktari. Labda na nusu yake."

Kifungo alijua kwamba si kweli. Akisema kweli, mama mdogo ataondolewa kwenye orodha ya watakaowekewa jeli, na tumaini lake lote lilikuwa kwenye orodha ile. Akinyamaza, atakuwa ametoa tena lile jibu la kwenye simu.

"Tisa," akasema.

Mama mdogo akamfinya paja.

"Zilikuwa tisa, daktari. Nilizihesabu. Nesi alipopiga simu, mimi ndiye niliyemdanganya."

Daktari aliweka kalamu chini. "Basi leo hatuweki kitu. Tutapima kwanza."

Walitembea hadi kituo cha basi. Huko mama mdogo akasema, bila kumtazama, "Umenifungia mlango. Mwaka mzima naomba hilo moja tu." Wiki nzima iliyofuata hakuzungumza naye ila habari ya vifungo.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita. Vijidudu vilikuwa vimejificha ndani ya mji wa mimba tangu mwaka ule, kimya kimya. "Ningeweka jeli juu yake, vingefanya makao humo. Huenda tungelazimika kuutoa mji wote wa mimba. Mshukuru huyu mtoto."

Mama mdogo alimeza vidonge wiki kadhaa, akapimwa tena, akaonekana safi. Jina lake halikufutwa. Makovu yakakatwa, jeli ikawekwa.

Miezi minne baadaye walirudi kuangalia. Kuta zilikuwa zimeachana. Hedhi ilikuwa imerudi, kidogo. Upande mmoja bitana ilikuwa imeota vizuri. Upande wa pili ulibaki mtupu.

"Na mtoto?" mama mdogo aliuliza.

"Njia tumeifungua. Lakini upande huu sidhani utaota tena. Zile siku tisa zilikula pakubwa. Ungerudi zahanati siku ya tatu kama ulivyoambiwa, pengine usingehitaji kufika kwangu kabisa."

Nje, kwenye benchi la ukumbini, mama mdogo alilia bila kujificha, watu wakipita. Kifungo naye akalia.

"Nisamehe, mama mdogo. Ningemwambia nesi ukweli siku ile..."

"Nyamaza kwanza, unisikilize." Mama mdogo alimfuta machozi kwa kiganja. "Mtu mzima nilikuwa mimi. Niliogopa maneno ya watu, niliogopa kuvunja ahadi ya sare, nikakutwika uongo ambao haukuwa wako. Watoto wale wangevaa sare za mwaka jana, wasingekufa. Mimi nilikaribia kufa, na mwanangu sijui kama nitampata." Akavuta pumzi. "Tumbo likikuuma, ukitoka damu usiyoielewa, homa ikikushika, useme siku hiyo hiyo. Umwambie mama yako, mwalimu, nesi, yeyote mwenye akili. Ugonjwa hauoni aibu, unaendelea na kazi yake. Useme, Kifungo. Hata kama anayekuambia unyamaze ni mimi."